Bunduki Iliyolishwa Mafuta

Mzee Reuben hashiki bunduki yoyote kabla ya kuhakikisha kwamba haina kitu tumboni. Hata ukiwa umeifungua mbele yake, ukaikagua na kumkabidhi ikiwa wazi, atalivuta komeo tena, atainamisha kichwa, kisha ataingiza kidole chake kidogo ndani ya chemba na kukizungusha polepole, kama mama anayepapasa ufizi wa mtoto kutafuta jino. Ndipo husema, "Haya, imelala." Sijamwona akiiruka hatua hiyo hata mara moja.

Karakana yetu ni chumba kirefu nyuma ya nyumba ya Abu Nasser huko Al Thumama, mtaa mmoja wa Doha, chenye milango miwili ya chuma na kiyoyozi kisichozimwa. Abu Nasser ni Mqatari, mhandisi mstaafu, na starehe yake kubwa ni kukusanya bunduki kuukuu za kijeshi: zile ambazo majeshi ya nchi mbalimbali yaliziuza yalipopata za kisasa. Vibali vyake vyote viko sawa, na kila Ijumaa asubuhi ya majira ya baridi huchukua mbili tatu akaenda kuzipigia shabaha kwenye klabu iliyoko nje ya mji. Sisi tuliomtumikia tulikuwa watatu. Reuben alishughulikia chuma. Mimi, niliyesomea useremala katika chuo cha ufundi kule Meru, nilishughulikia mbao. Marvin, kijana wa Nakuru, alikuwa dereva wa nyumba, lakini gari likishaoshwa alikuja kukaa nasi, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, jikoni hakukuwa na stori.

Reuben alizaliwa Tot, chini kabisa ya bonde la Kerio, mahali ambapo joto la mchana humfanya hata mbuzi atafute kivuli cha mwenzake. Alipokuwa kijana, wezi wa mifugo waliwasumbua watu wa huko kiasi kwamba serikali iliwapa baadhi ya wanakijiji bunduki, ikawaita polisi wa akiba. Reuben alikabidhiwa yake wiki chache kabla ya kufunga ndoa. Ilikuwa ya Kiingereza, ya enzi ya vita vikuu vya pili, na watu wa bondeni waliiita Mark Four.

Mkewe, Virginia, hakuipenda. Usiku wa kwanza alisimama mlangoni akaikazia macho.

"Mlango huu unaingia mume mmoja," alimwambia. "Chagua ni nani kati yenu."

Basi Reuben akaijengea rafu chini ya upenu wa ghala, akaiezekea vizuri kuliko banda la kuku. Muda mrefu haukupita, Virginia akaanza kuihurumia. Ndiye aliyeona kwamba jua la bondeni lilikuwa likiipasua mbao yake, na ndiye aliyemfundisha mumewe kuipaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale yale ambayo bibi yake aliyapaka kwenye vibuyu vya maziwa visipasuke. Kila Jumamosi jioni, wengine wakipiga viatu rangi kwa ajili ya kanisa, wao wawili waliketi nje, redio katikati, yeye akishika bunduki na mkewe akisugua. Reuben alipenda kunisimulia jioni hizo kuliko mapambano yoyote. Sikumbuki akinieleza hata mara moja kwamba alimpiga mtu. Alinieleza harufu ya mafuta, na jinsi mbao ile ilivyokuwa nyekundu kama chai ya rangi ikishika mwanga wa mwisho.

Miaka ikapita. Serikali ikaamua kuzikusanya bunduki za zamani na kugawa nyingine mpya. Reuben akapanga foleni pamoja na wenzake, akaiweka Mark Four yake juu ya meza. Ofisa mmoja akaichukua, akaitupa kwenye lori juu ya nyingine.

"Ilianguka kama ukuni," aliniambia. "Mimi nilidhani itatoa sauti tofauti."

Baada ya hapo hakutaka ile mpya. Alikuja Doha kuwa mlinzi wa lango, na alikuwa amesimama mbele ya jengo moja la Al Mansoura kwa miaka mingi siku Abu Nasser alipopita na sanduku refu mkononi, wakasalimiana, wakaanza kuzungumza. Mwezi uliofuata Reuben alihamia karakana.

Nilikuwepo kreti ya Mark Four ilipofunguliwa. Ilitoka Ulaya pamoja na bunduki nyingine, zote zimegandamana na grisi ya ghalani. Reuben aliifuta uso, akaiangalia, akaketi juu ya kreti.

"Si yangu," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Yangu ilikuwa na kovu hapa ubavuni. Lakini ni dada yake. Hii ni dada yake kabisa."

Akamwomba Abu Nasser ruhusa ya kuitunza peke yake, chuma na mbao, na Abu Nasser akakubali. Tangu siku hiyo sikuigusa.

Saa ya karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, ilikuwa saa ya ubishi. Kila mmoja alikuwa na bunduki yake aliyoipenda, na kila mmoja aliitetea kama timu ya mpira.

"Mzee, kubali tu," Marvin angeanza. "Mrusi ndiye baba lao. Haina maringo. Ikikwama unaigonga na kiatu, inaendelea na kazi."

"Hiyo si bunduki, ni mti wa kufungia ng'ombe," Reuben alimjibu. "Ukiipiga, bega linakuuliza umekosana na nani."

"Na hiyo Mark Four yako je? Risasi zake siku hizi zinatafutwa kama tikiti za fainali!"

"Zitafutwe. Kitu kizuri hutafutwa."

"Kawira," alinigeukia, "mwambie babu yako."

Mimi niliipenda ya Uswisi. Ukifungua bamba la chuma kwenye kitako chake, mara nyingi utakuta karatasi ndogo yenye jina na kijiji cha askari aliyekabidhiwa, maana huko kila mwanamume alikaa na bunduki yake nyumbani. Mbao zake zimechubuka chini, kwa sababu zilisimamishwa kwenye theluji.

"Mmeona?" Marvin alicheka. "Dada yetu anapenda bunduki iliyo na anwani."

Abu Nasser naye, akitukuta katika mjadala huo, angeinua kidole na kuielekeza Mauser yake ya Kiajemi yenye nembo ya simba na jua, kisha akatoka, kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Mwaka huu, mwezi wa Januari, alikuja akaketi nasi, jambo lililokuwa la nadra. Mkewe alikuwa anaumwa magoti na ngazi za nyumba zilimshinda. Watoto walikuwa ng'ambo. Walikuwa wamenunua makao katika jengo refu la mtaa wa The Pearl, vyumba vyote sakafu moja, lifti mlangoni, na wangehamia huko mwishoni mwa Machi. Jengo halikuruhusu silaha inayofanya kazi. Kwa hiyo bunduki zake zingezibwa: fundi angechomelea mitutu na makomeo, kisha zingetundikwa kwenye majlisi, sebule ya wageni, kuwa mapambo. Tatu tu zingebaki hai, zihifadhiwe katika ghala la klabu, apate kupiga shabaha.

Marvin alitafsiri hayo yote taratibu, maana Kiarabu chake ndicho kilichokuwa bora miongoni mwetu.

"Anasema mbili ameshachagua. Mauser na ile ya Uswisi. Ya tatu ni kati ya Mrusi na Mark Four. Atazipiga zote mbili Ijumaa. Itakayojionyesha kwenye karatasi ndiyo itabaki."

Kisha Abu Nasser akamgeukia Reuben mwenyewe. Mkataba wa Reuben ulikuwa unaisha wakati huo huo wa kuhama, na umri haukumruhusu kuuongeza. Abu Nasser alikuwa amemwahidi zamani kwamba kabla hajarudi nyumbani atapiga Mark Four kwa mkono wake mwenyewe. Alimkumbusha kwamba ahadi hiyo bado ipo. Risasi nzuri za bunduki hiyo zilizosalia zilikuwa vibanio viwili tu, kila kimoja risasi tano: kimoja cha majaribio, kingine cha Reuben.

Reuben alishukuru. Abu Nasser na Marvin walipotoka, alibaki akifuta patasi yangu, ambayo haikuwa chafu.

"Unajua, Kawira," alisema, "kwenda nyumbani bila yake hakunisumbui. Ile ya kwanza niliiacha mezani, na hii nitaiacha. Lakini ukichomelea mtutu wake, basi imekuwa picha ya marehemu ukutani. Nataka niwe Tot nikijua kwamba mahali fulani bado inasema."

Ijumaa hiyo hewa ilikuwa baridi na tulivu, siku ambayo mpiga shabaha hawezi kuusingizia upepo. Mrusi alitangulia, akaweka matundu yake kwenye karatasi kwa adabu, yote upande mmoja. Marvin akanikonyeza. Abu Nasser akajilaza nyuma ya Mark Four, akaipiga kibanio kizima bila haraka. Tulipoiendea karatasi tulikuta tundu moja juu kushoto, jingine chini, la tatu karibu litoke nje kabisa. Ilionekana kama watu watano tofauti wamepiga, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Abu Nasser hakukasirika. Alimgusa Reuben begani.

"Anasema imezeeka," Marvin alitafsiri kwa sauti ya chini. "Anasema hata yeye amezeeka."

Reuben aliitazama karatasi kama mzazi aliyeitwa shuleni. Mimi niliomba nifungue mbao yake niione ndani. Bunduki njema haitawanyi risasi hivyo bila sababu, na mtutu wa hii Reuben alikuwa akiuonyesha kila mara kwa fahari, unang'aa. Abu Nasser alitupa muda hadi Ijumaa iliyofuata. Fundi wa kuchomelea alikuwa aje Jumapili yake.

Jumamosi niliifungua. Nyuma ya mbao ya mbele ya Mark Four kuna mabega mawili madogo, kulia na kushoto, ambayo chuma huyaegemea bunduki inapofyatuka. Mabega hayo yakiwa imara na sawasawa, bunduki hupiga palepale kila mara. Niligusa la kulia kwa ncha ya msumari. Msumari ukaingia kama kwenye sabuni. La kushoto vilevile. Harufu iliyotoka ilikuwa ya nyama choma.

Reuben alikuwa amesimama karibu nami.

"Mzee, unaipaka nini hii?"

"Mafuta ya mkia. Kama nyumbani. Muuza nyama wa Al Mansoura huniwekea, kondoo wa huku wana mikia kama mito ya kulalia."

"Sasa ndiyo naelewa harufu ya jikoni kwetu!" Marvin aliruka. "Watu chumba kizima tunalala na njaa kila Alhamisi, kumbe mzee anakaangia bunduki!"

"Na ndani umepaka pia?" niliuliza.

"Ndani ndiko hukauka kwanza," alijibu Reuben. "Kila Alhamisi, mkishaenda."

Nikampa msumari. Aliusukuma kwenye bega la mbao, ukazama. Akausukuma tena mahali pengine, ukazama. Akauweka mezani kwa uangalifu, akatoka nje, akasimama kwenye jua bila kofia. Ndege ilishuka juu yake kuelekea uwanjani na hakuinua kichwa.

Jioni hiyo alimpigia Virginia simu, akaiweka kwenye spika ili nami nimweleze. Virginia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kirefu cha mtu anayemjua mumewe.

"Reuben! Umeilisha mpaka imetoka kitambi!"

"Ni wewe ulinifundisha."

"Nilikufundisha huku! Huku jua linakunywa mafuta yote kabla ya Jumatatu. Huko umeilaza kwenye friji, unamimina tu, unamimina tu. Yataenda wapi?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Lakini nimefurahi kwamba hukusahau. Mwambie huyo binti aitengeneze."

Nilianza kazi asubuhi yake. Nilikata sehemu zote zilizooza, nikachonga vipande viwili vya mbao kavu ya mjozi kutoka kwenye kitako cha bunduki nyingine iliyokufa, nikavigundisha. Kisha ikawa ni kupaka chuma masizi ya mshumaa, kukiweka mahali pake, kukitoa, kuona masizi yamegusa wapi, kukwangua hapo kidogo, na kurudia. Masizi yakigusa upande mmoja tu, risasi itaenda upande mmoja. Yanapaswa kugusa pande zote mbili kwa uzito uleule. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Reuben alinishikia taa siku zote hizo, naye aliuliza mara moja tu.

"Itashika?"

"Ikigusa sawasawa, itashika."

"Basi sisemi tena," alisema, akaisogeza taa karibu.

Ijumaa ya pili tulifika klabu mapema. Abu Nasser alikitoa kibanio cha mwisho mfukoni, akamwekea Reuben kiganjani, akavifunga vidole vyake juu ya zile risasi.

"Anasema ni zako," Marvin alisema. "Aliahidi. Anasema piga wewe, na karatasi yako ndiyo atakayoiamulia."

Lazima nieleze hapa jambo ambalo mimi na Reuben tulilijua na Abu Nasser hakulijua. Jicho la kulia la Reuben lilikuwa limeanza kufanya ukungu. Kwenye meza ya karakana hilo halikumzuia, kwa kuwa vidole vyake viliona zaidi ya macho. Lakini karatasi iliyo mita mia moja, alikuwa amenieleza, aliiona kama maziwa yaliyomwagwa kwenye chai.

Aliichukua Mark Four. Alilivuta komeo, akaingiza kidole, akakizungusha. Kisha akailaza kwenye bega lake, tupu, shavu juu ya mbao, na kwa kitambo alikuwa mtu mwingine: mgongo ulinyooka, mguu wa kushoto ukatangulia wenyewe, pumzi ikatulia. Nilimwona yule kijana wa upenuni. Alilenga muda mrefu. Kisha akaishusha, akaiweka juu ya mfuko wa mchanga mbele ya Abu Nasser, na pembeni yake akakiweka kibanio.

"Piga wewe, Abu Nasser."

"La, la. Hizi ni zako, Reuben."

"Mimi naondoka. Wewe ndiye utakayekaa nayo. Afadhali bega lako liijue."

Marvin alitafsiri neno kwa neno. Abu Nasser alimtazama Reuben usoni, akataka kukataa tena, kisha akavua miwani ya jua, akajilaza.

Reuben alisimama nyuma yake, kichwa ameinamisha, hatazami karatasi. Alisikiliza. Kila mlio ulipotoka, mkono wake wa kulia ulijisogeza peke yake hewani: juu, nyuma, mbele, chini. Maganda yaliruka yakagonga sakafu, na mlio wa tano ulipoisha mkono wake ulimaliza mwendo wake, ukabaki umekunjwa mahali pa komeo.

Karatasi ililetwa. Matundu manne ungeyafunika kwa kifuniko cha gilasi ya karaki. La tano lilikuwa kando kidogo, na Abu Nasser alijigonga kifua kuonyesha kwamba hilo ni kosa lake mwenyewe. Aliigeuza karatasi, akaitazama kwa nyuma kana kwamba haiamini. Kisha akacheka.

"Anasema Mauser ataona wivu," Marvin alitafsiri. Halafu akasikiliza tena, uso ukamwanguka. "Anasema Jumapili Mrusi aende kwa fundi. Jamani, Mrusi wangu!"

Abu Nasser alianza kupapasa mifuko yake yote, ya kanzu, ya koti, hata sanduku, akitafuta walau risasi moja iliyopotea. Reuben alimshika mkono.

"Khalas," alisema. "Imetosha."

Risasi hizo za zamani huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haitoki kwa mafuta. Ukiiacha, kesho utakuta kutu. Dawa yake ni maji yanayochemka, hapo hapo, kabla chuma hakijapoa. Kazi hiyo Reuben hakumwachia mtu yeyote. Siku hiyo alimpa Marvin birika.

"Usikimbie. Mpe kama unamnywesha mgonjwa."

"Hivi?"

"Polepole. Na ushike mbao, usishike chuma, kitakuunguza. Kila wakimaliza kuipiga, ufanye hivi. Si kesho. Si baada ya chakula. Umenisikia, Marvin?"

"Nimesikia, mzee."

Maji yalipita yakatokea mdomoni yakiwa meusi, na mvuke ukapanda. Reuben alipiga magoti, akausogeza uso wake karibu na chemba iliyo wazi, akafumba macho yote mawili, akavuta pumzi. Alibaki hivyo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Abu Nasser, aliyekuwa akifunga sanduku la Mauser, aliacha kufunga akasubiri.

"Mzee, kunanukia nini huko?" Marvin aliuliza.

"Baruti," alijibu Reuben. "Bado inasema." Akainuka kwa kushika meza, akayatazama maji chini. "Mimina tena. Haya bado ni meusi."